Mamluki

Kazi yangu ni kulainisha barafu. Usicheke, msomaji. Ni kazi kama kazi nyingine: ina zamu, ina buti, na mwisho wa wiki mbili ina mshahara. Katika kitongoji kimoja kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, pana ukumbi ambao sakafu yake ni barafu, na vijana huchezea humo mpira wa magongo. Kila kipindi cha mchezo kinapokwisha, mimi huingia na lile trekta ambalo kila mtu hapa huliita Zamboni. Chini yake mna wembe mrefu wa kukwangua barafu iliyochakazwa. Mna maji ya kuosha mikwaruzo. Nyuma kabisa mna kitambaa kipana kinachopaka maji ya moto.

Ndiyo, ya moto. Maji ya moto huyeyusha kidogo barafu ya chini, yakaingiliana nayo, kisha yote yakaganda pamoja yakawa kitu kimoja. Maji baridi hayashikamani hivyo. Mzee aliyenifundisha kazi, mwenyeji wa hapa, alinieleza jambo hilo siku ya kwanza, mwaka 2014, nami nikalielewa upesi kuliko alivyotarajia. Nilikuwa mgeni wa miezi mitatu. Mimi mwenyewe nilikuwa maji baridi.

Nataka kueleza jinsi mchezo huu unavyopangwa katika jimbo hili, maana bila mpango huo hutaielewa habari ya mdogo wangu Musa. Na bila habari ya Musa, jambo nililolifanya mimi Kenya mwaka 2009 ningekwenda nalo kaburini.

Kwanza ondoa mawazoni mwako klabu za kulipwa. Hapa Minnesota mchezo wa magongo ya barafuni ni wa mji na shule. Mtoto wa miaka mitano au sita huandikishwa katika chama cha mtaa wake, si chama akipendacho. Wadogo kabisa huitwa kwa jina la utitiri, wale wadudu wa kuku; wakifika miaka kumi na mitatu, kumi na minne, huitwa kwa jina la kuku wenyewe, wale wafupi wenye ugomvi. Hapo katikati mtoto hupanda ngazi moja moja na watoto wale wale wa mtaa wake. Akiingia sekondari, huvaa jezi ya shule ya pale pale kwao. Kwa hiyo wanaocheza pamoja wakiwa na miaka kumi na saba huwa wamefahamiana tangu walipokuwa wakifungwa kamba za viatu na mama zao.

Shule zote ziko chini ya chama kimoja cha jimbo, chama cha michezo ya sekondari kilichoanza mwaka 1916. Mashindano ya jimbo ya wavulana yalianza mwaka 1945, na timu ya kwanza kutwaa kombe ilitoka Eveleth, mji mdogo wa wachimba chuma huko kaskazini. Vijana hao hao wa Eveleth walirudi wakachukua kombe miaka minne mfululizo, kuanzia 1948 hadi 1951. Hebu fikiria: mji wa machimbo, mavumbi mekundu, unazipiga shule za miji mikubwa mwaka hadi mwaka. Ndiyo sababu mchezo huu ukaingia damuni mwa watu. Kila kijiji kiliona kwamba nacho kinaweza.

Siku hizi timu zimegawanywa katika madaraja mawili, A na AA, kwa kufuata idadi ya wanafunzi wa shule. Mgawanyo wa madaraja mawili ulianza mwaka 1992, na hesabu ya wanafunzi ikawa ndiyo kipimo tangu 1994. Kabla ya hapo wote, wakubwa kwa wadogo, waligombea kombe moja, na wapo wazee ambao hadi leo hawajausamehe mgawanyo huo. Shule ndogo inaruhusiwa kuomba kupanda juu. Roseau, mji usiofika watu elfu tatu karibu na mpaka wa Kanada, hucheza daraja la AA kwa hiari yake, na mwaka 2007 walilitwaa kombe. Ukiwauliza kwa nini wanajitafutia taabu, watakutazama kama umewatukana.

Kila daraja lina kanda nane. Kanda huchorwa kwa kuangalia ramani na hupangwa upya baada ya muda, shule zikikua au kupungua. Msimu huanza Novemba, katika ile baridi ya kwanza inayouma masikio. Februari ikifika mwisho, timu za kila kanda huanza kutoana: ukifungwa mara moja, kwaheri. Bingwa wa kila kanda huenda St. Paul mwezi Machi, timu nane kwa daraja A na nane kwa AA, siku nne, Jumatano hadi Jumamosi. Watu zaidi ya laki moja huingia uwanjani katika siku hizo nne, kuwatazama watoto wa shule! Wasichana nao wana mashindano yao. Minnesota ndilo jimbo la kwanza Marekani kuutambua rasmi mchezo wa wasichana wa sekondari, mwaka 1994, na kombe lao la kwanza lilichezwa 1995.

Kuna mechi ambayo kila mfanyakazi wa barafu hapa lazima asimuliwe. Mwaka 1996, nusu fainali, Apple Valley na Duluth East. Walitoka sare, wakaongezewa muda, wakaongezewa tena, mara tano. Mchezo ukaisha saa saba na dakika thelathini na tisa za usiku, Apple Valley mabao matano kwa manne. Golikipa wao alizuia mashuti 65. Mzee wangu akiisimulia hasemi habari za mabao. Husema, "Fikiria yule dereva wa Zamboni."

Basi, huo ndio mpango. Sikiliza sasa sheria moja tu, ambayo ndiyo mwiba wenyewe. Mwanafunzi akishaingia darasa la tisa katika shule fulani, akihamia shule nyingine bila familia yake kuhama nyumba, haruhusiwi kuichezea timu ya kwanza ya shule mpya kwa mwaka mzima. Kusoma anaweza, sheria ya jimbo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, inamruhusu mtoto kuomba nafasi katika wilaya nyingine ya elimu. Mazoezi anaweza. Timu ya pili anaweza. Lakini timu ya kwanza, mwaka mzima, aitazame tu. Ila kama wazazi wamehama kweli, wakachukua nyumba mpya upande ule, mtoto hucheza mara moja.

Sheria hiyo wameiweka ili shule zenye jina zisizoe watoto wa wenzao. Nilipoisoma mara ya kwanza, kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni pale ukumbini, nilihisi joto usoni. Lugha yetu ina neno la mchezaji wa kuzolewa. Tunamwita mamluki.

*

Mama alitangulia kuja huku na Musa mwaka 2007, Musa akiwa na miaka sita. Mimi nilibaki Nakuru kwa nyanya ili nimalize sekondari. Mama alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo Wakenya wengi wa vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis wanaijua vizuri: kugeuza mgonjwa, kuosha mgonjwa, zamu mbili kwa mpigo. Shuleni kwa Musa kulikuwa na siku ya watoto kujaribu barafu bure, kwa viatu vya kuazima. Mama alimruhusu aende akidhani ni siku moja. Musa akarudi na uvimbe kwenye paji la uso na meno yote nje kwa furaha.

Mchezo huu ni ghali, tusidanganyane. Saa moja ya barafu mara nyingi hupita dola 200, na chama hugawana gharama hiyo kati ya wazazi. Viatu, kofia ngumu, kinga za mabega, magongo yanayovunjika kama vijiti vya kiberiti. Mama aliongeza zamu za Jumapili. Vifaa vya Musa vilikuwa vya mitumba, na glavu zake za kwanza, mama huapa, zilinuka mbuzi. Lakini mtoto akapanda ngazi: utitiri, kisha wengine, kisha kuku. Nilipofika mwaka 2014, nilimkuta mvulana wa miaka kumi na mitatu anayezungumza Kiswahili cha kubabaisha na kukimbia kinyumenyume juu ya barafu kwa kasi kuliko nilivyoweza kukimbia mbele juu ya nyasi. Alikuwa beki.

Sekondari yao haikuwa na wachezaji wa kutosha, kwa hiyo ilicheza kama timu ya muungano: shule tatu, jezi moja, jina refu lisiloimbika. Muungano wa namna hiyo unaruhusiwa, na miji mingi ya jimbo imeukimbilia. Hata Minneapolis yenyewe, ambako shule ya Southwest ilitwaa kombe la jimbo mwaka 1970, tangu 2010 shule zake za umma ziliunganishwa zikawa timu moja ya wavulana. Eveleth nao, mabingwa wale wa kwanza, leo hawana timu kwa jina lao peke yake. Shule yao iliungana na ya jirani. Watoto wanapungua, gharama zinapanda, wenye uwezo wanahamia vitongoji vipya ambako kumbi ni mpya na barafu ni nyingi.

Timu ya Musa ilikuwa ya kufungwa. Si kila siku, lakini mara nyingi. Yeye na kijana mwingine, mzungu mmoja mrefu waliyecheza pamoja tangu utitini, ndio waliokuwa nguzo. Mechi 25 za msimu, hao wawili hawatoki barafuni. Baba yake yule kijana alikuwa mtu mwema. Nalisema hilo kwa dhati. Kwa miaka mingi alimpitia Musa saa kumi na moja asubuhi, gizani, thelujini, mama akiwa bado zamu, na hakuomba hata senti ya mafuta.

Mei 2017, Musa akimaliza darasa la kumi, baba huyo alikuja nyumbani kwetu. Mama akapika chai ya maziwa na mandazi. Mgeni akala mandazi manne, kisha akasema wao wanauza nyumba na kununua nyingine, dakika arobaini kutoka pale, upande wa shule ambayo karibu kila mwaka huenda St. Paul. Mwanawe angecheza huko Novemba. Angependa Musa awe pamoja naye. Hakutumwa na kocha. Kocha haruhusiwi kuita wachezaji, na sidhani alijua. Ilikuwa fikira yake mwenyewe, tena ya upendo.

"Lakini atakaa nje mwaka mzima," mama akasema. Sheria alikuwa anaijua.

Mgeni akageuza kikombe. Kulikuwa na chumba kidogo cha kupanga karibu na shule ile, akasema. Mama aweke jina lake kwenye mkataba. Barua zifike pale. Kodi ya mwaka wa kwanza yeye angesaidia. Mama asihame, aendelee na kazi yake. Huyu kaka mkubwa, akanionyesha mimi, anaweza kulala pale siku mbili tatu kwa wiki, taa ionekane. Watu wengi hufanya hivyo, akasema. Karatasi tu.

Mama alinyamaza. Nilimtazama nikaona anapiga hesabu, na sikumlaumu. Kijana akionekana St. Paul huonekana na vyuo vikuu, na vyuo vikuu vina ufadhili. Musa alikuwa amesimama mlangoni kwa soksi, hapumui.

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye mkubwa. Unaonaje?"

Nikasema nina zamu, nikatoka.

*

Mwaka 2008 nilimaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa isiyojulikana, na alama ambazo sitazitaja. Nilichokuwa nacho ni mkono. Tangu kidato cha kwanza nilikuwa mchezaji wa magongo, yale yetu ya uwanjani, na katika wilaya walinifahamu. Januari 2009 mwalimu mmoja wa michezo kutoka shule kubwa ya bweni alikuja kwa nyanya na kilo mbili za sukari. Alisema shule yake itanirudisha kidato cha tatu bila karo. Nitasoma upya, nitapata alama nzuri, nitaiona dunia. Sharti lilikuwa moja: nitaingia kwa jina la mwanafunzi aliyeacha shule, kwa cheti chake cha kuzaliwa.

Nyanya aliuliza, "Na jina lake mwenyewe litakaa wapi?"

Mwalimu akacheka. Mimi nikacheka pia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na mahali pa kwenda.

Aliyesoma Kenya anajua ngazi zetu. Magongo huchezwa muhula wa kwanza, na wakati ule ulianza na kanda, ukapanda wilaya, ukapanda mkoa, kisha taifa. Wa taifa wakatoka wa kwenda Afrika Mashariki. Kila ngazi kuna ukaguzi wa vyeti, walimu wamekaa mezani na mafaili, wanamwangalia mtoto na picha, picha na mtoto. Nilipita kanda. Nilipita wilaya. Nilizoea kuitwa lile jina, hata usiku bwenini mtu akilitaja niligeuka.

Shule ilikuwa na magongo machache mazuri. Siku nilipofika, mwalimu alimwita mvulana mmoja wa kidato cha nne, mwembamba, mwenye kuchezea winga ya kushoto, akamwambia anipe gongo lake. Alilikuwa amelifunga kitambaa cha buluu mpinini kwa mkono wake. Akanipa. Hakusema kitu. Tangu siku ile alisafiri na timu kama mbeba maji.

Mkoani tulifika fainali. Asubuhi ya siku ile, mwalimu wa shule yangu ya zamani, aliyekuja kama mtazamaji tu, alinikuta kwenye foleni ya chai. Akaniita kwa jina langu la kweli. Akaniita kwa furaha, maskini, kama mtu aliyempata mwanawe sokoni. Nami nikaitika.

Tulifutwa kabla ya saa nne. Timu nzima, msimu mzima. Ndani ya basi hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonimaliza. Yule winga wa kushoto alikaa kiti cha mbele yangu. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Karibu na njia panda ya kuingia shuleni aligeuka, akanyoosha mkono, nikamrudishia gongo. Usiku ule ule nilikusanya nguo zangu na kuondoka. Mama, huku Marekani, aliambiwa nimekosa kuipenda shule ya bweni.

*

Musa alinifuata ukumbini usiku ule kwa baiskeli. Mechi za watu wazima zilikuwa zimekwisha, taa nusu zimezimwa. Nikamkaribisha juu ya trekta, jambo ambalo haliruhusiwi, tukazunguka barafu polepole. Nikamweleza yote: jina, cheti, gongo, basi. Sikuwahi kumweleza mtu.

Alisikiliza mizunguko mitatu mizima. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake, "Kaka, wewe ulidanganya umri na jina. Mimi ni mimi. Umri wangu ni wangu. Ni nyumba tu."

"Ni nyumba usiyolala."

"Na wao je? Wananunua nyumba kwa sababu ya mpira. Kila mtu anajua. Lakini wao ni sawa, kwa kuwa wana hela ya kununua. Sisi tukifanya kwa karatasi tunaitwa wezi. Hiyo ni haki?"

Msomaji, sikuwa na jibu, na hadi leo ninapoandika haya silioni. Mtoto alikuwa amekishika kidonda chenyewe. Sheria ile inauliza swali moja, unaishi wapi, nayo huwauliza wote sawasawa. Mwenye nacho hubadilisha jibu kwa kununua. Asiye nacho hubaki na jibu lile lile, au anasema uongo. Kumbe ile sheria iliyowekwa ili mtoto awe wa mtaa wake inamfunga zaidi yule ambaye mtaa wake hauna kitu.

Nilichoweza kumwambia ni kidogo. Nilimwambia kwamba ukigunduliwa, hulipi wewe peke yako. Pale kwenye timu mpya kutakuwa na beki mmoja atakayekaa benchi ili wewe uingie, naye umemfuta kwa haki kama u bora kuliko yeye na unaishi pale. Kama huishi pale, umempokonya gongo. Na siku mambo yakifumuka, hata mechi mlizoshinda hubatilishwa.

"Na nikienda nikakaa nje mwaka mzima? Kihalali?"

"Hiyo ni yako. Hiyo nitakubeba mgongoni mpaka huko kila asubuhi."

Trekta lilikuwa limemaliza. Barafu nyuma yetu iling'aa, maji bado hayajashika. Musa akashuka, akachukua baiskeli yake bila kuaga.

Alibaki. Si kwa sababu ya hotuba yangu, usije ukadhani. Alipiga hesabu, akaona akienda atapoteza darasa la kumi na moja lote, na timu ya muungano ikimpoteza yeye pamoja na rafiki yake huenda isiwe timu tena. Kwa wiki kama sita hakusema nami zaidi ya salamu. Mama alimrudishia jibu yule baba mwema kwa simu, kwa adabu, na mwaka huo wote hatukupata mtu wa kutupitia asubuhi. Nilinunua gari bovu.

Machi 2018 tulikwenda St. Paul, mimi na yeye, viti vya juu kabisa karibu na paa. Rafiki yake alikuwa pale chini. Kabla ya mchezo wachezaji hujipanga mstarini, wakavua kofia zao, mmoja mmoja hutajwa jina na uso wake huonekana kwenye televisheni jimbo zima. Vijana hufuga nywele msimu mzima kwa ajili ya sekunde zile tatu. Jina la rafiki yake lilipotajwa, Musa alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kisha akakaa, akafunika uso kwa kofia yake ya sufu, nami nikatazama paa.

Mwaka uliofuata, wa mwisho wake, timu ile ya jina refu lisiloimbika ilishinda mechi mbili za kanda. Mbili! Ya tatu, nusu fainali ya kanda, walifungwa. Baada ya mchezo wote walibaki barafuni, na mimi nilikaa juu ya trekta langu mlangoni, injini inanguruma, nikingoja watoke. Sikupiga honi. Mzee wangu alikuja akanigusa begani akasema ratiba inachelewa. Nikamwambia ngoja kidogo.

Hakuna chuo kikuu kilichomwita. Leo Musa ni fundi umeme na ana mgongo mzuri kuliko wangu. Kama angeweka jina kwenye kile chumba, labda angekuwa mtu mwingine. Labda pia angefutwa, na timu nzima ya watu ingekaa kimya ndani ya basi. Sijui, na sitajifanya najua. Kuna usiku huamka nikaona kwamba nilimlipisha mdogo wangu deni langu.

Jumamosi asubuhi huja ukumbini kuwafundisha watoto wadogo, wale utitiri. Msimu uliopita, siku ya kuandikisha, nilikuwa nafagia karibu na meza yake. Akaja mama mmoja na mvulana wake, akimsemesha kwa Kiswahili cha Kongo. Nikamsalimu, akafurahi, akanionyesha fomu. Palikuwa na nafasi moja ambayo hakuijaza. Alikuwa amehama mara tatu tangu afike, akasema, na sasa wanakaa kwa dada yake, na kesho hajui. Aandike anwani ipi? Ile ya zamani iliyo kwenye barua za serikali, au ya dada, au ile ya nyumba walizoahidiwa?

Nikamtazama Musa. Hakuinua kichwa; alikuwa akimpima mtoto kiatu.

"Mwambie aandike pale wanapolala," akasema. "Pale pale wanapolala."